Vifaru na Ndege za Vita Makumbushoni: Maswali na Majibu

Marudio haya ni ya wanafunzi wa historia na wa uhifadhi wa malikale. Katika kila swali jiulize jambo hili: fundi alipomaliza kazi yake, ni ushahidi gani uliobaki na ni upi uliofutika? Mwanafunzi anayelijibu hilo vizuri hashindwi na mtihani wa mada hii.

Swali la 1. Kwa mifano miwili, tofautisha kukarabati na kuhifadhi zana ya vita.

Jibu: Anayekarabati anataka kitu kirudi kilivyokuwa: kipakwe rangi yake, kifungwe vipuri vilivyopotea, na ikiwezekana injini iwake. Anayehifadhi anazuia kisiendelee kuharibika, na makovu anayaacha yalivyo. Mfano wa kwanza ni kifaru cha Kijerumani, Tiger 131, kilichopo Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, Uingereza. Kimekarabatiwa mpaka kinatembea. Mfano wa pili ni Dornier 17, ndege ya Kijerumani ya kudondosha mabomu, iliyoangushwa tarehe 26 Agosti 1940 ikazama kwenye mchanga wa Goodwin, karibu na pwani ya Kent. Iliopolewa tarehe 10 Juni 2013. Haikuundwa upya. Ilipelekwa kwenye makumbusho ya Cosford, Uingereza, kuondolewa chumvi, ikabaki na mikunjo na matundu yake.

Usiandike kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine popote pale. Tiger 131 ilitekwa ikiwa karibu nzima, na palikuwa na kifaru kingine cha kuchukuliwa vipuri. Dornier hiyo ndiyo pekee ya aina yake inayojulikana kubaki ikiwa na umbo lake, hivyo kila bati jipya ambalo lingepachikwa lingepunguza ukweli wake.

Swali la 2. Kwa nini ndege iliyokaa baharini zaidi ya miaka 70 huharibika haraka ikishatolewa majini?

Jibu: Aluminiamu hujikinga kwa utando mwembamba unaojitengeneza juu yake. Kloridi iliyomo kwenye chumvi ya bahari huutoboa utando huo. Chini ya mchanga hewa ni kidogo na uharibifu huenda polepole. Ndege ikitolewa, oksijeni inaikuta chumvi imeshajaa ndani ya vinyweleo vya metali, na uharibifu unaanza upya kwa kasi. Ongeza hoja ya pili, ambayo wengi huisahau: ndege haikuundwa kwa metali moja. Boliti ya chuma ikigusana na bati la aluminiamu penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Cosford waliiweka Dornier ile ndani ya mahema marefu ya plastiki na kuinyunyizia asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi. Asidi hiyo ililegeza magamba ya viumbe wa baharini na kuitoa chumvi bila kuila metali yenyewe.

Swali la 3. Eleza jinsi Tiger 131 ilivyotekwa, na thamani ya makovu yake kwa mwanahistoria.

Jibu: Ilitekwa Tunisia, Aprili 1943, katika mapigano na vifaru vya Waingereza vya aina ya Churchill. Risasi moja ya mzinga iligonga upande wa chini wa mtutu wake, ikateleza na kujikita pale kichwa cha kifaru kinapokalia kiwiliwili. Kichwa kikakwama, hakikuweza kuzungushwa tena. Askari waliokuwamo wakatoka na kukimbia, wakakiacha bila kukiharibu. Mfalme George VI na Waziri Mkuu Churchill walionyeshwa kifaru hicho huko Tunis, kisha kikasafirishwa kwenda Uingereza kuchunguzwa.

Hapa pana hoja yenye alama nyingi. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba kilitekwa tarehe 21 Aprili. Utafiti wa baadaye umeelekeza tarehe 24 Aprili, na mahali pengine tofauti na palipodhaniwa. Simulizi za aina hii hupimwa kwa kulinganishwa na alama zilizopo kwenye chuma: risasi ilitoka upande gani, iligonga wapi, ikaishia wapi. Kama fundi angejaza mikwaruzo ile na kuipiga msasa ili kifaru kipendeze, shahidi huyo angenyamazishwa. Rangi inaweza kupakwa tena wakati wowote. Alama ya risasi ikishazibwa, hairudi.

Swali la 4. Je, injini ya Tiger 131 ni ya asili?

Jibu: Hapana. Injini yake ya Maybach HL210 ilikuwa imekatwa ili watu waone sehemu za ndani. Iliyofungwa wakati wa ukarabati ni HL230, iliyotoka kwenye kifaru kingine cha Kijerumani kilichomilikiwa na makumbusho hayo. Ni ya zama zilezile, lakini si yake. Jibu zuri linasema yote mawili: kifaru kinanguruma kama kilivyonguruma zamani, na sauti hiyo ni ya mwingine.

Swali la 5. "Memphis Belle ilikuwa ndege ya kwanza ya Marekani kumaliza safari 25 za mashambulizi Ulaya." Jadili.

Jibu: Huu ni mtego. Ndege nyingine ya aina hiyohiyo ya B-17, iliyoitwa Hell's Angels, ilimaliza safari zake 25 siku chache kabla. Rubani Robert Morgan na wenzake walimaliza ya kwao tarehe 17 Mei 1943. Kilicho sahihi ni kwamba Memphis Belle ndiyo ndege nzito ya mabomu ya kwanza kumaliza idadi hiyo na kurudishwa Marekani, ambako ilizungushwa miji mbalimbali kuhimiza wananchi kununua hati za mkopo wa vita.

Baada ya vita ilikaa mjini Memphis, miaka mingi ikiwa nje, juani na mvuani. Mwaka 2005 ilihamishiwa Dayton, Ohio, na ikafunguliwa kwa umma tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili baada ya safari ile. Mafundi walipobandua tabaka za rangi walikuta majina na salamu zilizokwaruzwa moja kwa moja kwenye bati na watu walioitazama katika ziara ile ya 1943. Mikwaruzo hiyo ni hati ya historia sawa na matundu ya risasi. Inatuonyesha raia waliotaka kuacha majina yao kwenye mwili wa vita ambavyo hawakuvipigana.

Swali la 6. Taja hatari moja isiyoonekana katika ndege za zama za Vita vya Pili vya Dunia.

Jibu: Radiamu. Mishale na tarakimu za saa za rubani zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Leo nyingi hazing'ai tena kwa kuwa kemikali iliyotoa mwanga imechoka, lakini mionzi ipo: nusu ya radiamu huhitaji takriban miaka 1,600 kuisha.

Swali la 7. Je, ndege za kale za vita ziendelee kurushwa?

Jibu: Toa hoja za pande zote, kisha uwe na msimamo. Wanaounga mkono husema ndege ni ya angani na ujuzi wa mafundi hufa usipotumika. Wanaopinga wanakumbusha Oktoba 2019, B-17 ilipoanguka Connecticut na kuua watu 7, na Novemba 2022, ndege mbili za Vita vya Pili vya Dunia zilipogongana Dallas na kuua 6. Msimamo wangu ni kwamba aina iliyobakiwa na chache isirushwe. Injini iwashwe ikiwa chini, watu waisikie.

Swali la 8. Andika maelezo ya kibao cha mzinga wa meli Königsberg uliopo Fort Jesus, Mombasa.

Jibu: Taja kwamba meli hiyo ya Kijerumani iliangamia kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na kwamba mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kutumika vitani nchi kavu. Wanafunzi wengi huishia hapo na kupoteza alama. Eleza pia kwamba mizinga hiyo ilivutwa porini kwa mikono ya Waafrika, na uwape sentensi yao wenyewe, si mabano. Kisha ongeza mstari mmoja wa uhifadhi: chuma kilichopo karibu na bahari hupokea chumvi kila siku, hivyo kinahitaji kusafishwa na kupakwa kinga mara kwa mara.