Damu Isiyoganda Baada ya Kuumwa na Nyoka

Mtu akijikata kwa jembe, damu hutoka, na baada ya dakika chache husimama. Wengi hudhani ya kuwa imekaushwa na upepo, kama matope yakaukavyo. Sivyo. Mshipa uliokatwa hujibana. Vichembe vidogo mno vilivyomo katika damu hukusanyika hapo na kushikamana. Kisha vitu vingine, ambavyo vingi vyao hutengenezwa na ini, huamshana kimoja baada ya kingine, hata mwisho hutokea nyuzi nyembamba ziitwazo faibrini. Nyuzi hizo hujisuka kama wavu na kuzinasa chembe za damu. Hilo ndilo donge tulionalo.

Sasa, katika sehemu kavu za kaskazini mwa Kenya yuko nyoka mdogo wa jamii ya moma, ambaye akijikunja magamba yake husikika yakikwaruzana. Sumu yake huianzisha kazi hiyo ndani ya mishipa, pasipo jeraha la kuzibwa. Akiba yote humalizika bure, kama nafaka ya mwaka iliyoliwa kwa siku moja, na damu ibakiayo haiwezi kuganda. Mgonjwa aweza kuwa ameketi akizungumza na jamaa zake, mguu umevimba kidogo tu, kumbe yu karibu kutokwa na damu katika ufizi, tumboni, hata katika ubongo.

Kuitambua hatari hiyo hakuhitaji mtambo. Madaktari waliowatibu watu walioumwa na nyoka wa namna hiyo huko Nigeria waliandika habari za kipimo chepesi mwaka 1977. Huchotwa damu kidogo, yapata mililita 2, ikatiwa katika kichupa cha kioo, kisafi na kikavu. Kichupa huachwa wima dakika 20, wala hakitikiswi. Ndipo huinamishwa mara moja. Damu ikimiminika kama maji, sumu imekwisha kuiharibu, na mgonjwa huhitaji dawa ya kupinga sumu ya nyoka huyo. Ikiwa imeganda, asiruhusiwe kwenda zake upesi, maana yaweza kubadilika baadaye; kipimo hurudiwa. Kioo ni sharti, kwa kuwa ndicho kiiamshacho damu kuganda. Plastiki haifai, wala kichupa kilichooshwa kwa sabuni: humo hata damu njema yaweza kukataa kuganda.

Basi, msomaji, aliyeumwa asichanjwe kwa wembe, kwani damu ya namna hiyo ikifunguliwa njia haikomi. Asipewe aspirini kwa maumivu. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, naye achukuliwe hospitali mara moja, ijapokuwa asema hajambo.