Kutuma Barua Pepe Bila Programu Kuganda

 

Mwaka jana niliandika programu ndogo ya kuwakumbusha wenzetu tarehe ya kibali cha ukaazi kuisha. Katibu akabonyeza "Tuma", ukurasa ukaganda. Akadhani haijaenda, akabonyeza tena. Wengine wakapata barua mbili, mmoja hakupata kitu. Alikuja kushtuka zimebaki siku tatu. Kosa lilikuwa langu, basi tujifunze pamoja.

Kuongea na seva ya barua kwa SMTP, utaratibu ulioandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kupokezana maneno: unajitambulisha, unamtaja mpokeaji, unakabidhi barua, na kila hatua unangoja jibu. Programu yangu ilikuwa kama muuza karak anayesimamia sufuria ya mteja mmoja mpaka ichemke, huku foleni inarefuka.

Dawa ni kutuma bila kusubiriana. Python ilipata asyncio katika toleo la 3.4, mwaka 2014. Juu yake kuna maktaba ya aiosmtplib. Ndani ya async def unaandika:

await aiosmtplib.send(barua, hostname=seva, port=587, start_tls=True, username=jina, password=siri)

Neno await maana yake: wakati nangoja jibu, kazi nyingine ziendelee. Sufuria iko jikoni, muuza karak anahudumia mwingine.

Lakini jamani, angalieni mambo matatu.

Kwanza, await haifupishi safari ya barua. Ukituma papo hapo kitufe kinapobonyezwa, katibu bado atangoja. Andika kila barua kwenye hifadhidata na namba yake, mjibu katibu "imepokelewa", halafu programu ya pembeni izitume. Mtambo ukizimika, foleni ipo. Kitufe kikibonyezwa mara mbili, namba ni ileile, haiandikwi tena.

Pili, usimwage barua zote kwa mkupuo. Seva nyingi zina kikomo. Kwa asyncio.Semaphore(5) zinatoka tano tano.

Tatu, soma jibu la seva. Likianza na 4, jaribu tena baadaye. Likianza na 5, acha, kagua anwani. Ukipata 250, seva imeipokea barua, siyo kwamba mwenzetu ameisoma.

Ndiyo maana siku hizi, zikibaki siku saba na mtu hajajibu, katibu anapiga simu. Programu haijui kama mtu yuko zamu ya usiku.