Cheo Chako Kisomeke kwenye Mkataba

Katika hoteli na maduka ya Dubai si ajabu kumkuta dada wa Kikenya, Kiganda au Kitanzania anayepanga zamu, anayewafundisha kazi waliokuja juzi, na ambaye meneja akiwa likizo ndiye anayeulizwa kila kitu. Mkataba wake unasema ni mhudumu. Anasifiwa kwamba anajituma, lakini akihama kampuni anaanza tena chini, maana mwajiri mpya anatazama kilichoandikwa.

Basi anzia hapo. Mkataba uliosajiliwa unaweza kuuona mwenyewe kwenye programu ya simu ya wizara ya kazi, MOHRE. Usitegemee nakala uliyosainishwa ukiwa bado na uchovu wa safari. Tazama cheo, tarehe ya kumalizika na mshahara wa msingi. Kiinua mgongo hupigiwa hesabu kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo posho nyingi juu ya msingi mdogo ni mtego.

Miezi miwili mitatu kabla mkataba haujaisha, andika barua pepe. Shida za nyumbani ziache. Mameneja wamezisikia zote. Taja kazi za msimamizi unazozifanya, tangu lini, na wangapi uliowafundisha. Omba mambo mawili: cheo kibadilishwe, na mshahara ulingane na wa wenye cheo hicho. Sheria ya Kazi namba 33 ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inataka mwanamke alipwe sawa na mwanamume kwa kazi ileile au yenye thamani sawa. Katika barua ya kwanza huna haja ya kuitaja. Ya pili, itaje.

Ukiulizwa unataka kiasi gani, usigeuze dirhamu kuwa shilingi kichwani. Hapo ndipo wengi wetu tunapojiuza rahisi: tunajilinganisha na mshahara wa Nairobi au Dar es Salaam badala ya wa aliyekikalia kiti hicho kabla yetu.

Kwa ambaye hajasafiri bado, vyeti vya masomo vithibitishwe kabla ya kupanda ndege: wizara ya mambo ya nje ya nyumbani, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu. Mhuri wa mwisho hupigwa na wizara ya mambo ya nje ya huko. Ukisubiri mpaka ufike Dubai, utamlipa wakala na kumsumbua ndugu apange foleni kwa niaba yako.

Uzazi ndio unaowaangusha wengi. Likizo ni siku 60: 45 kwa mshahara kamili, 15 kwa nusu, na kufukuzwa kwa sababu ya mimba ni marufuku. Hatari iliyo karibu zaidi ni kurudi ukakuta kiti kina mwenyewe. Kabla ya kuondoka, andika makabidhiano yanayosema wazi kwamba fulani anakaimu mpaka tarehe fulani, na nakala ipelekwe ofisi ya rasilimali watu. (Waajiriwa wa DIFC, eneo huru la kifedha la Dubai, wana sheria yao, na wafanyakazi wa majumbani wana yao ya 2022, haya ya siku 60 wasiyachukue kama yalivyo.)

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha tafuta kwingine kimyakimya. Notisi huwa kati ya siku 30 na 90 kulingana na mkataba, nayo hutolewa kwa maandishi. Usiitoe kabla hujasaini ofa rasmi ya mwajiri mpya, yenye cheo unachokitaka.