SALAMU YA SIKUKUU KWA JIRANI WA DINI INGINE

Somo kwa waamini wa Masisi na Walikale

Tusome: Matayo 5:43-48, Luka 10:5-6, Waroma 14:5-6, 2 Yoane 7-11



Kila mwaka ulizo hili linarudi katika parokia zetu. Je, Mkimbanguisti anaweza kumwambia Mwislamu "Idd njema"? Na tarehe 25/12, jirani Mkatolika ao Mprotestanti akituambia "Noeli njema", tumjibu nini, sisi tunaosherehekea kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25/5? Wengine wetu wananyamaza. Wengine wanapita njia ya nyuma ya nyumba ili wasikutane na jirani siku ile. Wengine wanaanza mabishano mlangoni. Tutazame Neno la Mungu linatufundisha nini.

1. SALAMU NI KAZI YA KWANZA

Katika Matayo 5, Bwana Yesu anatupatia ulizo gumu: tukisalimu ndugu zetu peke yao, tumezidi wengine kwa neno gani? Hata wasiomjua Mungu wanasalimiana wao kwa wao. Katika Luka 10 anawatuma wanafunzi, na anawaagiza watoe amani wakifika mlangoni, mbele ya kujua walio ndani ni watu wa namna gani. Kama hakuna mtu wa kuipokea amani ile, inamrudia aliyeitoa. Basi hakuna salamu inayopotea. Mwenye kusalimu hapungukiwi kitu.

2. JE, KUSALIMU NI KUKUBALI MAFUNDISHO YAKE?

Wengine wanashika 2 Yoane, ambamo mtume anakataza kumpokea na kumsalimu mtu anayeleta mafundisho mengine. Tusome vizuri tangu mstari wa 7. Mtume anasema juu ya wadanganyifu waliokuwa wakizunguka toka kanisa hata kanisa kuharibu imani ya waamini. Hasemi juu ya jirani yako unayeteka naye maji kwenye chemchem moja, anayefurahi siku ya sikukuu yake pamoja na watoto wake. Huyu hakuja kwako kufundisha. Anapika chakula, anavaa nguo safi, anakuita. Kumtakia amani si kubatizwa kwake.

Tena Waroma 14 inasema juu ya siku: mmoja anaheshimu siku hii kupita ingine, mwenzake anaziona zote sawa; na yule anayeshika siku anaishika kwa ajili ya Bwana. Mtume hakuwaamuru wagombane juu ya kalendari.

3. SISI WENYEWE TUNA SIKU ZETU

Noeli yetu ni tarehe 25/5, siku aliyozaliwa Papa Dialungana Kiangani mwaka 1916. Lakini tukumbuke kwamba Kanisa lilichukua tarehe hii mwisho wa miaka ya 1990. Wazazi wengi waliokuwa katika Kanisa mbele ya hapo walifanya Noeli tarehe 25/12 pamoja na Wakristo wengine. Basi jirani wa tarehe 25/12 si mgeni kwetu.

Tarehe 6/4 tunakumbuka kazi ya Papa Simon Kimbangu iliyoanza Nkamba mwaka 1921. Toka mwaka 2023 Serikali imeifanya kuwa siku ya kupumzika kwa inchi yote. Siku hiyo Mkatolika na Mwislamu nao wanapumzika. Tunafurahi wakitusalimu. Basi tuwatendee vile tunavyotaka watutendee.

Tusisahau pia tulikotoka. Mwezi wa kumi 1921 Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kufa. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Elisabethville tarehe 12/10/1951. Waamini wake walifukuzwa mbali na kwao, jamaa kwa jamaa. Wengine walipelekwa hata Lowa, kule mto Lowa unaopita Walikale yetu unapoingia katika Lualaba. Walikaa kati ya watu wa lugha na desturi zingine, na kwa njia yao Kanisa lilienea. Je, lingeeneaje kama wangepita bila kusalimu mtu? Serikali ya wabeleji ililikubali Kanisa tarehe 24/12/1959 tu. Watu waliotengwa miaka ile yote hawapashwi kuwatenga wengine leo.

4. JUU YA INCHI YETU

Mwezi wa tatu 1993 damu ilimwangika kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, na vita ikapanda mpaka Masisi. Walioumizana hawakugawanyika kwa dini. Pande zote mbili kulikuwa watu waliobatizwa, waliouziana mihogo na maharagi katika soko moja. Tunajua namna inavyoanza: kwanza watu wanaacha kusalimiana, kisha wanaacha kutembeleana, kisha kila neno la uongo juu ya jirani linaaminiwa. Mbele ya panga, salamu ndiyo inakufa kwanza.

Mwaka 2025 vita ilitupiga tena. M23 waliingia Walikale-centre tarehe 19/3, Waislamu wakiwa katika mwezi wa saumu, na waliondoka mwanzo wa mwezi wa ine. Kwa hiyo Idd ilikuta mji katika taabu ile, na siku chache nyuma yake ilikuwa 6/4 yetu. Watu wengi walikuwa wamekimbia. Njaa ya porini haikuuliza nani ni Mwislamu na nani ni Mkimbanguisti. Kama tulishiriki taabu moja, tutakataa kushiriki furaha?

5. NAMNA YA KUFANYA

a) Uwe wa kwanza kusalimu. Mwaka wa Waislamu unafuata mwezi wa mbinguni, ndiyo maana Idd inasogea mbele karibu siku 11 kila mwaka. Idd ya kuchinja ya mwaka 2026, kwa hesabu hiyo, ni karibu tarehe 27/5, siku mbili tu nyuma ya Noeli yetu.

b) Sema neno la kweli. "Idd njema, Mungu awape amani" halina uongo ndani yake. Tarehe 25/12, "Sikukuu njema, amani kwa nyumba yenu" linatosha. Akikutakia Noeli njema, mshukuru. Usimrudishie fundisho juu ya mwezi wa tano. Akiuliza mwenyewe, umweleze kwa upole.

c) Juu ya chakula. Mwislamu hali nguruwe wala hanywi pombe, nasi vilevile. Kwa jirani mwingine, wakileta kasigisi ao nyama ya makako, shika amri ya Kanisa bila kutukana sahani ya mtu. Shukuru, omba maji, kula mihogo, kaa nao, cheka nao.

d) Rudisha. Siku ya 25/5 peleka nawe sahani kwa jirani, na umtume mtoto aipeleke. Mtoto aliyepeleka sahani kwa nyumba ile hatadanganywa upesi kuichukia.

Upendo, Amri, Kazi: hayo ndiyo maneno yetu matatu. Salamu ya sikukuu ni upendo. Kuitoa bila kuvunja ushuhuda wetu ni amri. Kutembea mpaka mlango wa jirani ni kazi.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Ni jirani gani ambaye hatujamsalimu siku ya sikukuu yake, na ni kwa sababu gani?
2. Mtume katika 2 Yoane anatukinga na watu gani?
3. Parokia yetu itafanya nini kwa Idd inayokuja na kwa tarehe 25/12?

Bwana atupatie midomo ya amani katika Masisi na Walikale. Amina.