Mtoto Fundi na Kandambili Moja: Maswali ya Waandishi wa Vitabu vya Picha

Walimu na wazazi huniletea miswada ya hadithi za watoto, na siku hizi mingi inamhusu mtoto anayebuni chombo cha kupambana na taka. Nimehariri vitabu vya picha kwa miaka mingi. Haya ndiyo maswali yanayorudi mezani kwangu mara kwa mara.

Mhusika wangu ana miaka minane na amebuni mashine inayomeza taka zote za jiji. Mbona unaniambia nianze upya?

Kwa sababu mtoto akishafunga kitabu hicho hana la kushika. Mashine inayomeza kila kitu ni uchawi, na hata mtoto wa chekechea huutambua uchawi akiuona.

Tazama Lamu. Mwaka 2018 mafundi walioongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita tisa hivi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya. Mkuku ni plastiki, mataruma ni plastiki, mbao ni plastiki, na juu yake limevishwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Viktoria. Jahazi hilo halikumaliza taka za bahari. Ila mtoto aliyepitisha kiganja kwenye ubavu ule wa rangi kumi anajua kandambili ilikuwa nini na sasa imekuwa nini. Kitabu cha picha kinaiweza kazi hiyo vizuri kuliko chombo kingine chochote: kuchukua kitu kimoja na kukifuata hatua kwa hatua, kutoka mchangani hadi ubavuni mwa jahazi. Basi chagua taka moja. Mfuko, chupa, betri, kandambili. Moja tu.

Watoto wataelewa maneno "uchafuzi wa mazingira"?

Watayaimba kwa sauti ya darasa zima, lakini kuimba si kuelewa. Wanachokijua ni mtaro uliofurika kwa kuzibwa na chupa, moshi wa jaa unaomkohoza bibi, mbuzi anayetafuna mfuko. Andika hivyo. Hata neno "mvumbuzi" mimi huliacha libaki kwenye jalada; ndani ya hadithi mwite fundi. Kila mtoto anamjua fundi baiskeli au fundi redio wa mtaani kwao, na anajua kwamba fundi hufungua kitu, akakitazama, akakosea, akakifungua tena.

Nionyeshe kifaa kikiharibika? Naogopa kuwakatisha tamaa.

Kionyeshe, na zaidi ya mara moja. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili hufanya kitabu. Ukiondoa kurasa za mwanzo, unabaki na nafasi kama kumi na nne za picha pana. Tatu kati ya hizo zipe kushindwa, na kila kushindwa kukae upande wa pili wa ukurasa, ili mtoto agundue kwa mkono wake mwenyewe anapoufunua.

William Kamkwamba wa Malawi, ambaye hadithi yake ilitolewa kama kitabu cha picha mwaka 2012, aliunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na feni ya trekta huku majirani wakimwona ana wazimu. Ukiwafuta majirani hao, mnara wake unakuwa mwepesi mno.

Naweza kumchora akiyeyusha plastiki jikoni?

Hapana. Niliwahi kuuruhusu mchoro kama huo kwenye mswada wa majaribio. Tulipousoma shuleni, mvulana mmoja alikuja kesho yake na kopo jeusi lililoganda vipande vya ndoo, ameviyeyusha mwenyewe juu ya mkaa, anajivunia. Moshi wa plastiki una sumu; ikiwa ni aina ya PVC, hutoa hata gesi ya asidi. Mtoto wako akusanye, apange kwa rangi, akate, ashone, afume. Moto aachiwe mtu mzima, karakanani.

Nani awe mkosaji katika hadithi?

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Miswada mingi humtwika mtoto lawama za dunia nzima: wewe ndiye uliyetupa, basi wewe uokote. Mtoto hakukiunda kile kifungashio. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na sheria hizo zilitungwa na watu wazima. Waweke kwenye picha: mwenye duka akining'iniza vikapu vya ukili, diwani akisikiliza, babu akishika msumeno upande wa pili.

Mchoraji amemaliza kwa mtoto kupewa kombe na waziri. Tuache?

Liondoeni kombe. Mchoreni asubuhi ya pili, maji yamekupwa. Wimbi limeleta kandambili nyingine, nyekundu, ya mguu wa kushoto, kamba imekatika, naye ameshainama kuiokota.