Baiskeli ya Mwanafunzi: Thawabu, Sitara au Mzigo?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la toleo hili linahusu chombo ambacho kila mtu wa Kasese amekizoea hata hakioni tena. Nacho ni baiskeli. Huko Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, samaki anatoka ziwani kwa mtumbwi na anafika jikoni kwa baiskeli. Huko Bwera, siku ya soko, baiskeli inabeba ndizi na magunia kuelekea Mpondwe, mpakani na Kongo. Hata neno bodaboda, kama inavyosimuliwa, lilianza kwa baiskeli zilizobeba abiria katika mpaka wa Busia kabla pikipiki hazijalichukua.

Lakini chuoni baiskeli imepata maana nyingine. Wapo miongoni mwetu wanaoipenda kwa dhati. Wanafuatilia mashindano kwenye simu, wanajua uzito wa kila fremu, na Jumamosi wanapanda vilima vya Rwenzori. Mapenzi hayo si dhambi. Swali letu ni hili: mwanafunzi Mwislamu anayeishi kwa pesa ya matumizi aliyotumiwa na wazazi aipende baiskeli kwa kiasi gani, na ailipie kwa njia gani?

1. Msingi: farasi watatu

Mtume (s.a.w.) hakuulizwa kuhusu baiskeli, ila alizungumza kuhusu kipando cha watu wa zama zake. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alieleza kwamba farasi ni wa aina tatu kwa wenye kuwafuga. Kwa mtu mmoja ni thawabu, kwa wa pili ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa madhambi.

Mwenye thawabu ni yule aliyemfuga katika njia ya Allah. Hata majani anayokula farasi huyo na maji anayokunywa njiani bila mwenyewe kukusudia vinaandikwa kuwa mema. Mwenye sitara ni yule aliyemfuga ili ajitegemee na asiwe mwombaji, na wala hakuisahau haki ya Allah iliyomo ndani yake. Mwenye mzigo ni yule aliyemfuga kwa fahari, kwa kujionesha na kwa uadui dhidi ya Waislamu.

Tazameni jambo hili: farasi ni yule yule, na huenda bei ni ile ile. Kilichomtofautisha ni nia ya mwenyewe na namna anavyomtumia.

Hadithi haikuishia hapo. Mtume (s.a.w.) aliulizwa: je, punda? Akajibu kwamba hakuteremshiwa jambo maalumu juu ya punda, isipokuwa zile Aya mbili za mwisho za Surat Az-Zalzala, zinazotaja uzito wa chembe ya kheri na uzito wa chembe ya shari. Jibu hilo ndilo ufunguo wa somo letu. Leo tukiuliza, je, baiskeli? jibu ni lile lile. Kila mzunguko wa pedali una mizani yake.

2. Mfano wa Zaidi

Tuchukue mfano, na mwenye mfano tumwite Zaidi, kama vitabu vya fiqhi vinavyopenda kuwaita watu wa mifano. Zaidi anatoka Hamukungu na baba yake ni mvuvi. Amepanga chumba mbali kidogo na chuo, na kila siku ya masomo anapanda bodaboda kwa shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Kwa siku 22 za mwezi hiyo ni shilingi 88,000.

Tuseme anapata baiskeli iliyotumika lakini imara kwa shilingi 400,000. Anaongeza 100,000 kwa kofia ngumu, taa ya mbele na ya nyuma, kufuli na pampu. Jumla ni 500,000. Kila mwezi anatenga 8,000 kwa fundi: kuziba pancha, kubadilisha nyaya za breki, kutia mafuta cheni. Basi kwa mwezi anaokoa shilingi 80,000. Kabla mwezi wa saba haujaisha, baiskeli imejilipa yenyewe. Katika miezi minane ya mihula miwili atakuwa ameokoa 640,000. Ukitoa 500,000, zinabaki 140,000 mkononi na baiskeli bado ni yake.

Hiyo ndiyo sitara ya hadithi. Zaidi amejitegemea, amempunguzia baba yake mzigo, na mwisho wa mwezi haombi nauli kwa wenzake.

Sasa tuseme Zaidi anaona baiskeli nyingine, nyepesi, yenye gia nyingi na rangi ya kuvutia, kwa shilingi 1,800,000. Njia ni ile ile na darasa ni lile lile. Kwa akiba ya 80,000 kwa mwezi itachukua zaidi ya miezi 22 kujilipa, na huenda kufikia hapo amekwisha kuhitimu. Je, ni haramu? Hapana, hatuwezi kusema hivyo kwa wepesi. Mwenye uwezo halali, anayetekeleza haki zote zilizo juu yake, ana nafasi ya kununua kilicho bora. Lakini Zaidi ajiulize: hiyo tofauti ya 1,400,000 inanunua nini? Ikiwa jibu la kweli ni macho ya watu pale lango la chuo, basi ameanza kumfuga farasi wa tatu.

3. Pesa ni ya nani?

Hapa wengi wetu tunateleza. Pesa anayotuma mzazi kwa simu haiji bila masharti. Akisema "hii ni ada" au "hii ni ya chakula", ameikabidhi kwa kazi maalumu, nayo ni amana. Kuitumia kwa tairi mpya bila idhini yake ni kukiuka amana, hata kama tairi lenyewe ni halali. Dawa yake ni rahisi. Mpigie simu umwambie: "Baba, nimepiga hesabu, nauli inakula hivi, baiskeli itagharimu hivi, waonaje?" Wazazi wengi watafurahi kuona mtoto anapiga hesabu, na akikataa utakuwa umepata radhi yake.

Tukumbuke pesa hiyo imetoka wapi. Wavuvi wa Ziwa George wanaingia majini usiku, katika maji wanayoishi viboko. Kuna usiku wanarudi na samaki, na kuna usiku wanarudi na nyavu tupu. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, miongoni mwa mambo atakayoulizwa mja Siku ya Kiyama ni mali yake: aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Zaidi hakuichuma pesa hiyo, lakini swali la pili ni lake.

4. Njia tatu za kununua

*Kuweka akiba.* Hii ndiyo salama zaidi. Surat Al-Furqan, Aya ya 67, inawasifu waja wa Rahmani kwamba wakitumia hawafanyi israfu wala ubahili, bali wanakuwa katikati. Anayekula rolex ya chapati na mayai mara tatu kwa siku na kununua bando la intaneti kila jioni hatafikisha akiba. Vilevile anayefunga chakula cha mchana muhula mzima ili anunue gia mpya ameacha katikati na kwenda upande wa pili. Nafsi yako ina haki juu yako, kama Salman alivyomfundisha Abu Dardaa na Mtume (s.a.w.) akamthibitisha.

*Kulipa kidogo kidogo.* Ukikubaliana na muuzaji bei moja iliyo wazi na muda uliowekwa, jamhuri ya wanazuoni wanaruhusu, hata kama bei hiyo ni kubwa kuliko ya taslimu. Sharti ni kwamba isiongezeke ukichelewa. Andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kushuhudisha mauziano.

*Mkopo wa simu.* Ukikopa shilingi 300,000 na kutakiwa urudishe 330,000 baada ya mwezi, hiyo 30,000 ni riba, liitwe jina lolote. Asije mtu akasema hakuna njia nyingine. Sheria ya Uganda iliruhusu huduma za benki za Kiislamu tangu 2016, na mwaka 2023 Benki Kuu ilitoa leseni ya kwanza kwa benki ya Kiislamu nchini. Na kabla ya benki kuna njia ya zamani: wanafunzi watano wanaoaminiana wanachanga kila mwezi na kupokezana, bila nyongeza. Ama kubeti ili upate pesa ya baiskeli, hilo ni kamari, na hukumu yake iko wazi katika Surat Al-Maida, Aya ya 90.

5. Baiskeli za bei ya ajabu

Karibu na mpaka hutokea mtu anauza baiskeli nzuri kwa bei ya kutupa, usiku, bila karatasi. Ukijua au ukidhani kwa nguvu kwamba ni ya wizi, haikufai kuinunua. Unakuwa umemsaidia mwizi na umemdhulumu mwenye mali. Katika vijiji vyetu mauziano huandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1 na mashahidi. Desturi hiyo inakubaliana kabisa na Aya tuliyoitaja. Muuzaji anayeikimbia amekwisha kukujibu.

6. Usalama kabla ya mapambo

Ukibaki na shilingi 60,000 na unachagua kati ya kofia ngumu na taa kwa upande mmoja, na kiti cha kifahari kwa upande wa pili, sheria imekwisha kukuchagulia. Kulinda nafsi ni katika dharura, ilhali mapambo ni katika makamilisho, na cha kwanza hakiachwi kwa ajili ya cha pili. Al-Baqara 195 inakataza mtu kujitia katika maangamizi kwa mikono yake.

Kwa watu wa Hamukungu hili si jambo la vitabuni. Njia yao inapita mbugani. Simba wako karibu kiasi kwamba mwezi wa Aprili 2018 simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu jirani na kijiji hicho. Kuendesha baiskeli huko magharibi au usiku, bila taa, kwa kuwa tu umechelewa sokoni, si ushujaa.

7. Zaka na sadaka

Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa Mwislamu hadaiwi zaka ya farasi wake. Kwa msingi huo baiskeli ya kutumia mwenyewe haina zaka, hata iwe ya bei gani. Lakini baiskeli za biashara zina zaka. Na akiba unayoiweka ili ununue baiskeli, ikifika nisabu (ambayo hukadiriwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha) na kupitiwa na mwaka wa Hijria, ina zaka ya asilimia 2.5, hata kama umeikusudia kwa baiskeli.

Na haki ya kipando haimalizwi na zaka. Mbebe mwenzako anayewahi mtihani. Mpelekee dawa mgonjwa wa hosteli. Nenda nayo swala ya Ijumaa na umchukue mzee njiani kwenye keria. Hapo sitara inapanda na kuwa thawabu.

8. Na dada zetu?

Wapo wanaouliza kama dada Mwislamu anaweza kuendesha baiskeli. Mtume (s.a.w.) aliwasifu wanawake wema wa Kikureshi akiwataja kuwa ni bora wa wanawake waliopanda ngamia. Kupanda kipando si aibu. Linalotakiwa ni stara ya mavazi na usalama wa njia, na kwa nguo ndefu kikinga cheni ni muhimu kuliko gia.

9. Kuhusu mashujaa wetu

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda jezi ya kijani ya Tour de France. Tuna haki ya kufurahi. Ila tukumbuke kwamba baiskeli ya mtaalamu ni chombo cha kazi, na timu yake ndiyo inayoigharimia. Tukitaka kumwiga, tuanze na mazoezi na subira yake, maana hivyo havina bei.

Hitimisho

Unapopanda baiskeli asubuhi, soma dua ya kipando inayotokana na Surat Az-Zukhruf, Aya ya 13 na 14. Mwisho wake unatukumbusha kwamba tutarejea kwa Mola wetu. Safari ya kwenda darasani imeunganishwa na safari ile kubwa, na baiskeli tutaiacha, lakini hesabu yake tutakwenda nayo.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Andika matumizi yako yote ya wiki moja. Ni yapi ya dharura, yapi ya haja, na yapi ya mapambo?
2. Je, kuna pesa uliyotumiwa kwa kazi moja ukaitumia kwa nyingine? Utamwambiaje mwenyewe?
3. Baiskeli yako, au simu yako, ni farasi yupi kati ya wale watatu? Ungefanya nini ili apande daraja?
4. Je, tawi letu linaweza kuanzisha mchango wa kupokezana usio na riba? Nani atashika daftari?

Allah atujaalie tuwe wenye kuchuma halali na kutumia kwa kiasi. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.