Pampu ya jengo la biashara: ihudumie kabla ya mvua na kabla ya baridi



Ndugu msomaji, tukizungumzia maji safi mara nyingi tunaanzia kwenye ndoo na birika la udhu. Leo tuanzie yanakotoka, kwenye pampu. Ikiwa una nyumba ya wageni, mgahawa au fremu za kupangisha hapa Njombe au Makambako, na jengo linatumia kisima chake, somo hili linakuhusu. Kama wewe ni mpangaji, linakuhusu vilevile, kwa sababu maji hayo unayanywa wewe na watoto wako.

Wengi wetu huikumbuka pampu siku bomba linapokauka. Lakini pampu inaweza kuleta maradhi kwa miezi kadhaa huku maji yakiendelea kutoka.

PAMPU MBOVU INALETAJE MARADHI?

Kwanza, ni kwa valvu iliyo mwisho wa bomba la kufyonza. Kazi yake ni kuzuia maji yasirudi kisimani pampu inapozimwa. Ikichakaa, maji hushuka, na kila asubuhi mhudumu hulazimika kuimiminia pampu maji ndipo ivute. Je, umewahi kuuliza maji hayo anayachota wapi? Akitumia ndoo ya kudekia, uchafu wa sakafu umeingia kwenye bomba la jengo zima.

Pili, ni kwa mabomba yanayovuja. Pampu inaposukuma, maji hutoka nje kupitia tundu. Umeme ukikatika ghafla, nguvu ya maji ndani hushuka, na tundu lile lile linaweza kufyonza maji ya mtaroni.

Tatu, ni kwa mdomo wa kisima. Pale bomba na waya vinapopita kwenye mfuniko, pakiachwa wazi, maji ya mvua huingia pamoja na kila yalichokokota njiani. Kwa njia hizi hupatikana kuhara damu, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A na kipindupindu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1854, mtaa wa Broad Street jijini London ulipatwa na kipindupindu kilichoua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alionesha kuwa wagonjwa wengi walikunywa maji ya pampu moja, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu hiyo ukaondolewa. Baadaye ilibainika kuwa shimo la choo lililovuja lilikuwa karibu sana na kisima. Tena maji yake yalisifiwa na watu kwa uzuri wake.

Hapa pana mazingatio. Madrasa tulifundishwa kuyatazama maji ya kujitwaharisha kwa rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni cha tohara na kinabaki mahali pake. Lakini vimelea vya maradhi havionekani kwa macho. Maji yanaweza kufaa kwa udhu na yasiwe salama kwa kunywa.

RATIBA YA MWAKA

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo panga hivi:

1. Oktoba, kabla ya mvua. Ziba nyufa za zege kuzunguka kisima na tundu za kwenye mfuniko. Hakikisha maji ya juu yanatiririka kwenda mbali na kisima, na choo kiko angalau mita 30 kutoka hapo. Fundi akague valvu, sili na viungio vya bomba. Huu pia ndio wakati maji ya kisima yamepungua. Pampu ikivuta hewa itapata moto na sili itaungua, basi weka kifaa cha kuizima maji yanapokwisha.

2. Mei, kabla ya baridi. Safisha chujio na toa tope lililoletwa na mvua. Usiku wa Juni na Julai umande huganda mabondeni. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hapo bomba lililo wazi hupasuka. Funika mabomba ya nje au yafukie. Kwa Makambako, kwenye upepo na vumbi, safisha pia matundu ya kupooza mota na funga mfuniko wa tangi usipeperuke.

KUSAFISHA TANGI

Kila baada ya matengenezo, toa maji yote, sugua na suuza. Jaza maji robo ya tangi. Tumia unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70: gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi. Ukoroge kwanza kwenye ndoo ya maji, mimina, kisha jaza tangi lote. Fungua mabomba mpaka usikie harufu ya klorini, yafunge, na uache saa 24. Mtu yeyote asinywe maji hayo. Yamwage yote na suuza tena. Vaa glavu, na usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia.

TAHADHARI YA ROHO ZA WATU

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa pampu. Kamwe usishushe pampu ya petroli ndani ya kisima wala kuiwasha kwenye shimo. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua kwa dakika chache. Mtu akianguka humo, usimfuate. Zima mashine na uite msaada.

KWAKO MPANGAJI

Ukiona maji yana mchanga, yanabadilika baada ya mvua, au pampu inawaka na kuzima mara kwa mara, mwambie mwenye jengo. Wakati ukisubiri, chemsha maji ya kunywa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi joto 93 hivi. Yaache yatokote dakika tatu. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi za ORS na awahishwe kituo cha afya.

Na wewe mwenye jengo, mgeni wako haioni pampu. Anafungua koki na kunywa kwa kukuamini. Hiyo ni amana. Mwite fundi kabla mvua haijaanza.

Wabillahi tawfiq.